Barua ya wazi kwa viongozi wa TAMISEMI, Utumishi na halmashauri zetu: mshahara ni mmoja, kipato si kimoja

Waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya TAMISEMI na Utumishi wa Umma, waheshimiwa mameya na wenyeviti, ndugu wakurugenzi wa halmashauri 184 za Tanzania Bara,

Shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na salamu za kazi kwa wote.

Mimi ni mhasibu msaidizi katika halmashauri moja ya wilaya. Mwaka huu natimiza miaka 16 kazini. Hati za malipo hupita mezani kwangu kabla hazijafika kwa mweka hazina: masurufu ya safari, posho za vikao, posho za kazi za ziada, posho za kukaimu, madai ya uhamisho. Kuna wenzangu wa kata za mbali ambao majina yao nayajua kuliko nyuso zao, kwa sababu nayaandika kila mwezi. Na kuna wengine ambao nyuso zao naziona kila siku ofisini, lakini majina yao siyaoni kwenye karatasi yoyote ya malipo zaidi ya orodha ya mishahara. Wengi wa hao ni wanawake. Hicho ndicho kilichoniketisha kuandika barua hii.

Nianze kwa haki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Serikali yetu haina mshahara wa mwanamume na mshahara wa mwanamke. Mtumishi wa TGS D, moja ya ngazi za mshahara serikalini, ni wa TGS D, awe Juma au Mwajuma. Mwalimu wa TGTS, ngazi za walimu, ni hivyo hivyo, muuguzi ni hivyo hivyo. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 23, inasema kila mtu, bila ya ubaguzi wa aina yoyote, anayo haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, tuliuridhia mwaka 2002. Kwa maandishi tuko vizuri, na sina ugomvi na maandishi.

Ila mkataba huo una neno moja ambalo naomba mlisome polepole. Unaposema ujira, hauishii kwenye mshahara wa msingi. Unahesabu na nyongeza zote ambazo mwajiri anamlipa mfanyakazi kwa sababu ya ajira yake, ziwe fedha taslimu au vitu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mwanamke na mwanamume wa halmashauri wanalipwa sawa, hawezi kufungua jedwali la mishahara akafunga kitabu. Lazima afungue na faili la posho.

Nifungue basi ukurasa mmoja wa faili hilo, ninaoujua vizuri kwa kuwa ni wangu.

Mwaka 2018, msimu wa mavuno, halmashauri yetu iliunda timu ya kukusanya ushuru wa mazao kwenye mageti. Siku 10, usiku na mchana, malori yakipita. Timu ilihitaji mtu wa uhasibu wa kusimamia mashine za POS, zile za kutolea stakabadhi za malipo, na kulinganisha stakabadhi na fedha. Kazi hiyo nilikuwa naifanya kwa mwaka wa tatu nikiwa ofisini. Orodha ilipotoka, aliyeandikwa ni kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, kijana mzuri, mimi ndiye niliyemfundisha kazi hiyo. Nilipomuuliza mkuu wangu, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, wewe una mtoto mdogo, usihangaike." Mtoto wangu alikuwa na miaka minne, na mama yangu mzazi alikuwa nyumbani kwangu tangu mwaka mpya. Hakuna aliyeniuliza.

Kijana akaenda. Kwa siku zile 10, kila jioni alinipigia simu kwa sababu hesabu za geti moja zilikuwa hazikai. Nilibaki ofisini mpaka saa mbili za usiku nikizipanga, mlinzi akiniambia anataka kufunga lango. Mwisho wa zoezi yeye alisaini posho ya siku 10. Mimi sikusaini kitu, kwa maana jina langu halikuwa kwenye dokezo, karatasi ya ofisi inayoidhinisha zoezi na majina yake, na asiye kwenye dokezo halipwi hata angekesha. Sheria hiyo ya dokezo mimi mwenyewe ndiye huwa naisimamia. Niliipitisha hati yake kwa mkono wangu, ilikuwa sahihi, haina kosa.

Waheshimiwa, jambo hilo halikuishia kwenye zile siku 10. Taarifa ya zoezi ilipoandikwa, ilikuwa na jina lake. Mwaka uliofuata kitengo kilipohitaji mtu wa kukaimu, taarifa ile ilitolewa kama ushahidi kwamba ana uzoefu wa usimamizi wa mapato. Akakaimu. Sijui kama mnaliona lilivyokwenda: neno moja la huruma, "usihangaike", likazaa posho, posho ikazaa uzoefu, uzoefu ukazaa cheo. Na mshahara wangu na wake siku ile ya kwanza ulikuwa umepishana hatua moja tu, na mimi ndiye niliyekuwa juu.

Hebu tufanye hesabu ya kawaida, ya mhasibu. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni Sh 500,000, baada ya tangazo la Rais Samia Suluhu Hassan kule Singida siku ya Mei Mosi. Ongezeko la asilimia 35.1 kutoka Sh 370,000, na tulilishangilia kwa moyo wote, wanawake kwa wanaume. Sasa tuseme posho ya safari ni Sh 100,000 kwa siku. Watumishi wawili wana mshahara ule ule wa 500,000. Mmoja anapangiwa siku nne za safari kila mwezi, mwingine hapangiwi hata moja. Kwa mwaka, wa kwanza amepokea Sh 4,800,000 juu ya mshahara wake wa Sh 6,000,000. Najua posho ya safari ni ya kujikimu, mtu analala gesti na anakula hotelini, hairudi yote nyumbani. Lakini kila mtumishi anayesoma hapa anajua kwamba inayorudi ni nyingi, na kwamba ndiyo inayonunua mabati, ndiyo inayolipa ada ya Januari, ndiyo inayoanzisha kiwanja. Mtu wa pili, mwenye mshahara tu, anakwenda kukopa benki ili afanye hayo hayo, na makato yanampunguzia hata ule mshahara uliosemekana ni sawa.

Nani anaandika orodha? Hapo ndipo penye shina la jambo lote. Orodha ya safari, ya zoezi, ya mafunzo, ya kikosi kazi, huandikwa na mkuu wa idara au mtu anayemwamini, mara nyingi jioni, kwa haraka, kwa kuwa fedha zimeingia na zinatakiwa zitumike kabla ya mwisho wa robo mwaka. Kwa haraka ile mtu anaandika majina yanayomjia kichwani. Wakuu wa idara walio wengi ni wanaume, na majina yanayomjia mtu ni ya wale anaokunywa nao chai, anaotazama nao mpira, wenye pikipiki, wanaopokea simu saa nne za usiku na kusema "nipo, bosi". Simlaumu mtu kwa kutazama mpira. Lakini fedha za umma haziwezi kugawanywa kwa utaratibu wa nani alikuja kichwani.

Kuna wanaosema wanawake wenyewe hukataa safari. Ni kweli, wapo wanaokataa, nami nimewahi kukataa. Niliambiwa saa kumi jioni kwamba gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri, siku tano, na mtoto ana homa. Ukimwambia mtu mwenye mke nyumbani habari hiyo, anabeba begi. Ukimwambia mama, anahitaji walau siku mbili ili ampate wa kumwachia mtoto. Zoezi lenyewe lilikuwa kwenye bango kitita, jedwali la mpango kazi, tangu mwezi wa saba, lilijulikana miezi mitano kabla. Aliyeshindwa kupanga ni ofisi, aliyeandikwa kwamba hayuko tayari ni mimi. Baada ya kukataa mara ile moja, sikuulizwa tena kwa miaka miwili.

Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yakamwongezea muda mama aliyejifungua njiti, na kwa hilo nasema asanteni, kwa sababu nilikaa wodini na mwenzangu mmoja akimlea mtoto wa kilo moja na nusu kifuani huku akihesabu siku zake za likizo zinavyokwisha. Likizo hiyo analipwa mshahara kamili, na hapo napo maandishi yako sawa. Kinachompata ni pale anaporudi. Mwenzangu wa idara nyingine alirudi akakuta kiti chake kina mtu, na kile kitengo alichokuwa anakikaimu kimekwenda kwa mwingine kwa barua ya wiki ya tatu tangu aondoke. Barua ile iliandikwa "kwa muda". Muda huo ukafika miezi 14. Posho ya kukaimu ikafuata barua, na nafasi ilipokuja kujazwa moja kwa moja, aliyeonekana na sifa ni yule aliyekaa. Dada huyu aliniambia kitu kimoja nisichokisahau: "Mimi sikuwa likizo ya kupumzika. Nilikuwa nazaa raia." Bado yuko ngazi ile ile.

Na ngazi ni jambo la kuumiza kwa sababu haliishi na ajira. Tulioajiriwa miaka ile tunakumbuka mwaka 2016, upandishaji madaraja uliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Wote tulisimama, mwanamke kwa mwanamume. Lakini milango ilipofunguliwa tena, hatukuanza kutembea kwa pamoja. Aliyekuwa na vyeti vya mafunzo ya muda mfupi, barua za kukaimu na taarifa zenye jina lake alikuwa na faili nene. Mwenye miaka ya kukaa mezani akifanya kazi ya mezani alikuwa na faili jembamba. Sasa mafao yetu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, wastani wa miaka mitatu iliyo bora karibu na kustaafu. Maana yake aliyecheleweshwa daraja kwa miaka mitano akiwa na umri wa 35 atalipwa pungufu akiwa na miaka 75, akiwa bibi, akiwa hana tena wa kumwandikia barua. Wanawake tunaishi umri mrefu kuliko wanaume. Pengo tunaliishi mpaka mwisho wake.

Nendeni shuleni mkaone. Katika shule za msingi wanawake ni kama nusu ya walimu, na mijini ni wengi kuliko wanaume. Mwalimu mkuu anapata posho ya madaraka ya Sh 200,000 kwa mwezi. Mkuu wa shule ya sekondari na afisa elimu kata wanapata Sh 250,000. Ni fedha zinazoonekana, Sh 2,400,000 au Sh 3,000,000 kwa mwaka. Wanawake walioshika ofisi hizo ni wachache sana wakilinganishwa na wanaume. Nimeuliza walimu kwa nini. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba ukuu unakuja na shule ya mbali, shule isiyo na nyumba ya mwalimu, na mama mwenye familia mjini anaambiwa achague. Basi jengeni nyumba kwanza, au anzeni na shule zilizo na nyumba.

Hapo hapo niseme la uhamisho, maana nalipitisha kila mwaka na kila mwaka linanikera. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri hulipwa: usafiri wa mizigo, posho ya kujikimu, posho ya usumbufu, yeye na familia yake. Anayeomba mwenyewe halipwi, anajigharimia. Utaratibu una mantiki yake. Lakini fungueni maombi ya uhamisho mhesabu sababu iliyoandikwa "kumfuata mwenza", halafu mtazame jinsi ya mwombaji. Mume akihamishwa na Serikali kwenda mkoa mwingine, analipwa yeye kwa ajili ya mke na watoto. Mke wake, naye mtumishi wa umma huyo huyo, anaandika barua ya kuomba, anasubiri kibali, anafika kituo kipya akiwa mgeni: hana aliyemzoea, hana faili la kuaminiwa, anaanza tena mwisho wa foleni ya orodha zile nilizozisema. Wapo waliofanya hivyo mara tatu. Mtumishi wa aina hiyo ana miaka 20 kazini lakini kila mkuu wa idara anamjua kwa miaka michache tu.

Dogo, lakini nalo nisiliache. Tuna maafisa maendeleo ya jamii wa kata, wengi wao akina dada. Hao ndio wanaozunguka kwenye vikundi vya mikopo ya asilimia 10, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Pikipiki ya ofisi ikiwepo kwenye kata, inalala kwa mwanamume, kwa maelezo kwamba ndiye anayejua kuendesha. Dada anapanda bodaboda kwa fedha yake, Sh 6,000 kwenda na kurudi, mara mbili au tatu kwa wiki, kwenda kumfundisha mwanamke mwenzake namna ya kutunza hesabu za mkopo wa Serikali. Kumfundisha mtu kuendesha pikipiki ni kazi ya wiki mbili. Halmashauri yenye huruma ya kutenga mapato yake kwa ajili ya akina mama wa mitaani ingeanza na akina mama iliowaajiri.

Mtaniambia posho ni nyongeza tu, hazina uzito wa mshahara. Naomba mtazame yaliyoikuta halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza. Pale nako jedwali la mishahara lilikuwa moja. Wapishi wa mashuleni, wafanya usafi, wahudumu wa wazee, karibu wote wanawake, walikuwa ngazi moja na wanaume wazoa taka na wafagia barabara. Tofauti ilikuwa kwenye bonasi: wanaume walipewa, wanawake hawakupewa. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba hata waliokwisha kuacha kazi wangeweza kudai katika mahakama za kawaida. Jiji lile limekwisha kulipa kiasi cha pauni bilioni 1.1 kwa madai ya namna hiyo, na Septemba 2023 lilitangaza kwamba haliwezi tena kumudu matumizi yake, madai ya ujira sawa yakiwa miongoni mwa sababu kubwa. Kule Glasgow, Oktoba 2018, maelfu ya wanawake wa halmashauri waligoma siku mbili kudai ujira sawa. Wale wa Birmingham hawakudai jedwali jipya la mishahara. Walidai kile kilichokuwa pembeni ya jedwali, nasi ndicho tunachokosa.

Sasa nasema ninachoomba.

La kwanza na kubwa, kila halmashauri itoe mara moja kwa mwaka taarifa ya jumla ya malipo yote kwa watumishi wake, mshahara na posho za kila aina, ikitenganisha wanawake na wanaume kwa kila ngazi. Bila majina. Nawahakikishia kama mtu wa hesabu kwamba kazi hii haihitaji mshauri mwelekezi wala semina. Mishahara iko kwenye mfumo wa taarifa za watumishi. Posho na masurufu yote yamepita kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, kila shilingi ina jina na namba. Kinachokosekana ni safu moja ya jinsi na agizo moja kutoka kwenu. Mhasibu akikaa nayo wiki moja ameimaliza. Taarifa iende kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, iende Baraza la Madiwani, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kama tunavyobandika mapato na matumizi. Mkaguzi Mkuu hutukagua kila mwaka. Aipate na yeye. Na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inapomwita mkurugenzi kuhojiwa, imuulize na hili. Mkurugenzi akijua ataulizwa, mkuu wa idara atajua ataulizwa, na yule anayeandika orodha jioni ile ya haraka atainua kalamu kidogo afikiri.

Jingine ni orodha zenyewe. Mazoezi na safari zinazojulikana kwenye bajeti zitangazwe ndani ya idara wiki mbili kabla, na watu wapangwe kwa zamu inayoonekana, kama wauguzi wanavyopangwa wodini. Anayeshindwa zamu hii, awekwe zamu ijayo, asifutwe. Anayefanya kazi ya zoezi akiwa ofisini aingizwe kwenye dokezo kama anayelala getini, walau kwa posho ya kazi za ziada. Kuhusu kukaimu, anayeondoka kwa likizo ya uzazi akiwa anakaimu arudishiwe nafasi hiyo anaporudi, na barua ya aliyemshikia iwe na tarehe ya mwisho. Na miezi ya likizo ya uzazi isiwe pengo kwenye tathmini ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi, au kwenye foleni ya madaraja. Mtu asirudi kutoka kujifungua akakuta alama zake zimeshuka kwa kazi ambazo hakuwepo kuzifanya kwa mujibu wa sheria.

Kwa uhamisho, pale Serikali inapomhamisha mmoja wa wanandoa wawili ambao wote ni watumishi, uhamisho wa wa pili uchukuliwe kuwa ni matokeo ya ule wa kwanza, ushughulikiwe kwa pamoja, na faili lake litangulizwe na barua ya utambulisho inayoeleza uzoefu wake. Hata bila senti ya nyongeza, barua hiyo peke yake ingewaokoa wengi.

Nawageukia madiwani wa viti maalumu, maana sheria imewapa nafasi zenu mabarazani. Mama zangu na dada zangu, mmesimamia mikopo ya vikundi kwa ushupavu nilioushuhudia. Kwenye kikao cha robo mwaka kijacho, simameni mmuulize mkurugenzi swali moja tu: katika fedha za posho zilizolipwa robo hii, ngapi zimekwenda kwa wanawake? Akisema atalileta kwa maandishi, msiliache. Mwezi unaofuata liulizeni tena.

Na kwa vyama vyetu vya wafanyakazi, ninavyovichangia kila mwezi kwa makato ninayoyaona kwenye hati ya mshahara wangu: Mei Mosi tumedai kima cha chini, tumedai madaraja, tumedai kikokotoo, na mengine tumeyapata. Hili sijalisikia jukwaani likidaiwa kwa sauti hiyo hiyo.

Sitaji jina langu wala la halmashauri yangu. Kijana niliyemfundisha leo ni mkuu wangu wa kitengo, na ni mkuu mwema, mwezi uliopita alinipitia mezani akaniambia, "Dada, mwaka ule ungepaswa kwenda wewe." Nilishukuru. Nilikaa na maneno hayo siku mbili, kisha nikaanza kuandika barua hii, kwa sababu alichokisema alikisema kwa wema wake, na wema wake hauko kwenye utaratibu wowote wa halmashauri. Akihamishwa kesho, atakayekuja ataikuta ile ile karatasi tupu ya orodha na kalamu.

Msimu wa mazao unakaribia tena. Dokezo la timu ya mageti linaandikwa Jumatatu ijayo, watu 14, siku 10. Idara yetu ina wanawake sita wanaoijua mashine ya POS kuliko mtu yeyote katika wilaya hii, na safari hii wote sita tumekwisha kupeleka majina yetu masijala kwa maandishi, yamegongwa muhuri wa kupokelewa.

Wenu katika utumishi,
Mhasibu msaidizi, halmashauri ya wilaya, Tanzania Bara